Bwana Shauri Bado Yupo

Yapo maneno ya Kiswahili yaliyotunza historia vizuri kuliko nyaraka. Chukua neno bwana shauri. Enzi za Mwingereza, watu wa kwetu hawakuhangaika na cheo cha Kiingereza cha ofisa aliyewatawala wilayani. Walimwita bwana shauri. Kamusi itakwambia ni mkuu wa wilaya wa kikoloni, basi. Lakini litazame neno lenyewe: bwana wa mashauri, mwenye kesi zake. Mtu huyo ndiye aliyesimamia kodi. Askari walikuwa wake. Mahabusu ilikuwa bomani, hatua chache kutoka mezani kwake. Ukikosa kodi, mdai wako alikuwa yeye, aliyekukamata alitumwa na yeye, na siku ya kusikilizwa ukiinua macho unamkuta yeye tena.

Wahenga walishalimaliza jambo hili: kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Mimi ni mwandishi wa habari, na katika kazi yangu demokrasia hupimwa kwa kura. Nani kashinda, kwa asilimia ngapi, foleni ilikuwaje. Sina ugomvi na kura. Ila historia ya Masasi na Newala imenifundisha kipimo kingine, cha siku zile nyingi ambazo hakuna uchaguzi: raia anapogombana na mwenye madaraka, nani anakaa kwenye kiti cha kuamua? Kama aliyekaa pale ni mwenye madaraka yuleyule, au mtu anayemtegemea kwa mkate wake, basi kura uliyopiga imekupa mtawala tu. Haijakupa haki.

Ngoja nianze mbali kidogo.

Kabla ya boma

Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Ukisimama pale wanapopaita Shimo la Mungu, ardhi inakatika mbele yako na bonde la Ruvuma linafunguka chini, Msumbiji ikiwa ng'ambo. Masasi iko magharibi, chini ya uwanda, kwenye nchi ya vilima vya mawe. Huku wameishi Wamakonde, Wamakua, Wayao na wengine, na kwa Wamakonde wa uwandani kuna jambo lililowasumbua sana watawala wa baadaye: hawakuwa na mfalme. Kila makazi yalikuwa na mkulungwa wake, na mamlaka yake hayakufika mbali. Ukoo ulihesabiwa upande wa mama, kwa hiyo katika mambo mengi mjomba, yaani njomba, alikuwa na kauli kuliko baba.

Kesi katika mazingira hayo ilikuwa maongezi. Wazee wanakaa, pande zote zinasema, na uamuzi unapata nguvu kwa sababu watu wameukubali, maana hakuna askari wa kuutekeleza. Sitaki kuupamba utaratibu huo. Mtuhumiwa wa uchawi aliweza kunyweshwa mwavi, na sumu ndiyo ikawa hakimu. Mtumwa hakuwa na mzee wa kumsemea. Lakini jambo moja lilikuwepo: mkulungwa aliyeonea watu aliweza kuachwa peke yake. Watu walihama, msitu ulikuwa mkubwa.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yuleyule tunayemkumbuka kwa kazi zake za sarufi na hadithi za Kiswahili, alifika Masasi na kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Unguja, na misheni ikaanza. Kisha wakaja Wajerumani na utawala wa maakida na majumbe. Neno letu shauri wakalipenda hadi likaingia katika Kijerumani cha makoloni kwa tahajia yao. Lakini wakati sisi shauri ni pamoja na kushauriana, kwao lilikuwa siku ofisa anapokaa na kutoa amri. Adhabu ya viboko nayo ikapata jina lake kwenye midomo ya watu: hamsa wa ishirini, yaani 25. Mtu hajui Kiarabu hata kidogo, lakini hesabu hiyo anaijua.

Mwaka 1905 Maji Maji ilipofika Masasi, misheni ilichomwa moto. Mwaka uliofuata mtafiti Karl Weule wa Leipzig alipita Masasi, Chingulungulu na Newala akipiga picha na kurekodi nyimbo kwa mashine yake, nchi ikiwa bado inanuka moshi wa vita. Vita hiyo ina sababu nyingi zinazojulikana: kodi, pamba, kazi za kulazimishwa. Mimi naongeza moja ambayo haisemwi sana. Mtu aliyeonewa na akida hakuwa na mlango wa kugonga isipokuwa mlango wa aliyemweka huyo akida.

Mwingereza anatafuta machifu

Waingereza walikuja na lugha laini zaidi. Gavana Donald Cameron alifika mwaka 1925 na sera ya kutawala kupitia viongozi wa wenyeji, na mwaka uliofuata sheria ya mamlaka za wenyeji ikapitishwa. Shida ikawa pale kwa Wamakonde: kiongozi yupi? Mtafiti wa siasa J. Gus Liebenow, aliyefanya utafiti Newala miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu kuhusu Wamakonde mwaka 1971, anaonyesha jinsi serikali ilivyohangaika kuwatafutia watu wa uwandani viongozi wanaolingana na ramani yake, hadi ikaishia kwenye maliwali. Liwali alilipwa na serikali, alikusanya kodi ya serikali, na alikaa katika mahakama ya wenyeji kusikiliza kesi.

Sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929 ndiyo iliyokaza fundo. Tangu 1920 Tanganyika ilikuwa na Mahakama Kuu, yenye majaji waliosomea sheria. Sheria hiyo ya 1929 ilizitoa mahakama za wenyeji chini ya macho ya Mahakama Kuu. Rufaa ilitoka kwa mahakama ya wenyeji kwenda kwa bwana shauri, kwake ikaenda kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa gavana. Jaji Mkuu wa wakati huo, Alison Russell, alipinga. Hakusikilizwa. Watawala walisema kuhukumu ni sehemu ya kutawala, na kwamba majaji hawajui mila za watu. Mawakili nao hawakutakiwa humo.

Fikiria maana yake kwa mkulima wa Newala. Kapigwa faini na liwali kwa kutofanya kazi aliyoamriwa. Anakata rufaa. Rufaa inapanda ngazi tatu, na kila ngazi anamkuta mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha amri za serikali zinafuatwa. Ngazi zipo, karatasi zipo, mihuri ipo. Hakimu hayupo.

Ndiyo maana kesi ya Julius Nyerere ya mwaka 1958 ina uzito kuliko faini yake. Katika jarida dogo la Sauti ya TANU aliandika akiwatuhumu watawala wa wilaya kuionea TANU, akashtakiwa kwa kuwakashifu wawili kati yao. D. N. Pritt akaja kutoka Uingereza kumtetea. Nyerere alitiwa hatiani, faini shilingi 3,000 au jela miezi sita, na akalipa. Alishindwa, ndiyo. Lakini kwa mara moja nchi nzima iliona kitu kipya: bwana shauri ni mlalamikaji. Neno lake linawekwa mezani na kuhojiwa, kama neno la mtu mwingine yeyote. Kwa watu waliozoea kumwona kwenye kiti cha kuamua tu, hilo lilikuwa somo la siasa kuliko hotuba kumi.

Uhuru na mikorosho

Baada ya uhuru kulifanyika jambo zuri ambalo hatulisifu vya kutosha. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyoanza kutumika Julai 1964, iliunganisha mahakama zote katika mstari mmoja: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama Kuu. Maliwali na machifu wakatolewa kwenye kiti cha hakimu. Kesi ya mkulima wa Kitangari au Lulindi sasa iliweza, angalau kwenye karatasi, kupanda hadi kwa jaji. Mahakama ya Mwanzo ilizungumza Kiswahili, na pembeni ya hakimu walikaa wazee washauri. Neno shauri likarudi nyumbani.

Lakini mkono mmoja ulitoa na mwingine ukachukua. Mwaka 1962 Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani. Serikali ilikataa pia kuweka haki za raia ndani ya Katiba, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Majaji karibu wote walikuwa wageni. Kwa nini taifa changa liwape wageni uwezo wa kufuta sheria zilizopitishwa na wabunge waliochaguliwa na wananchi? Jaji Mkuu wa kwanza Mtanzania, Augustine Saidi, alishika nafasi hiyo mwaka 1971 tu.

Hoja hiyo bado tunaisikia, ikiwa imevaa nguo nyingine: jaji hakuchaguliwa na mtu, kwa nini azuie matakwa ya wengi? Jibu naliona kwenye mikorosho.

Katika miaka ya 1970 serikali iliwahamisha watu vijijini kote nchini, na uwanda wa Makonde haukuachwa. Watu waliokuwa wametawanyika kwenye mashamba yao wakasogezwa pamoja. Sasa, mkorosho si muhindi. Unaupanda leo, unausubiri miaka, kisha unakulisha wewe na watoto wako. Huwezi kuubeba kichwani ukahama nao. Shamba likibaki mbali, magugu yanapanda, moto unapita, na mti unaacha kuzaa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zilishuka chini ya tani 20,000. Kulikuwa na ugonjwa wa ubwiriunga na bei mbaya pia, lakini watafiti wengi wanautaja uhamishaji kama moja ya sababu kubwa.

Je, mwenye mikorosho aliyehamishwa kwa nguvu angeenda wapi? Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali ya mwaka 1967, ilivyorekebishwa mwaka 1974, ilimtaka anayetaka kuishtaki serikali apate kwanza ridhaa ya waziri. Soma tena polepole. Ngedere aende kwa nyani kuomba ruhusa ya kumshtaki nyani. Halafu eti tunashangaa kwa nini kumbukumbu za mahakama za miaka ile hazijajaa kesi za watu wa kusini.

Hapo ndipo penye jibu la hoja ya wengi. Operesheni Vijiji ilikuwa sera ya chama kilichopendwa, chini ya rais aliyependwa. Tuseme wengi waliitaka. Mwenye miti yake 100 kule bondeni alikuwa mmoja. Ugomvi ulikuwa kati ya wengi na huyo mmoja. Ukimpa aliyechaguliwa na wengi aamue, kesi imekwisha kabla ya kuanza. Jaji anatakiwa asiwe ameletwa na upande wowote, na ndiyo sababu hapigiwi kura.

Wazee wa Arusha, faida ya Newala

Mwaka 1984 haki za raia ziliingizwa katika Katiba, zikaanza kudaiwa mahakamani Machi 1988. Na hapa lazima tuondoke kusini kidogo, kwa sababu kesi mbili zilizobadilisha hali ya mkulima wa Newala zilianzia kaskazini, mkoani Arusha, kwa watu ambao pengine hawajawahi kula bibo.

Ya kwanza ni ya Kukutia Ole Pumbun na mwenzake. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ilisema lile sharti la kuomba ridhaa kabla ya kuishtaki serikali linavunja Katiba. Bunge likalibadilisha: sasa unatoa notisi ya siku 90, kisha unakwenda Mahakama Kuu.

Ya pili ni ya Lohay Akonaay na mwanawe Joseph. Walikuwa wamedai shamba lao walilonyang'anywa wakati wa vijiji, na mwaka 1990 walishinda. Kumbe watu wengi nchini walikuwa wameanza kudai hivyohivyo. Bunge likatunga sheria mwaka 1992 ya kufuta haki za kimila katika ardhi za vijiji vilivyoanzishwa, bila fidia, na kuzizima kesi zilizokuwa mahakamani. Baba na mwana wakaipinga. Desemba 1994, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikasema haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, kwamba jasho la mtu juu ya ardhi haliwezi kuchukuliwa bila fidia, na kwamba kuzima kesi kwa sheria ni kuingilia kazi ya mahakama. Nyalali alikwenda mbali zaidi: ikisemwa kwamba haki ya kimila si mali, wananchi wengi watakuwa wavamizi katika nchi yao wenyewe.

Uamuzi huo haukurudisha mkorosho hata mmoja Newala. Ulikuja miaka 20 baadaye, na wengi walishakufa. Ila tangu siku ile mkulima wa Mkunya au Nanyamba asiye na hati, asiye na karatasi yoyote, anasimama juu ya ardhi aliyoachiwa na njomba wake kama mwenye mali. Mzee mmoja wa kaskazini na mwanawe walikataa kunyamaza, na haki ikawafikia watu wa Ruvuma wasiojua hata majina yao. Sijui taasisi nyingine ya umma inayoweza kufanya hivyo. Mbunge wa Newala anasemea Newala. Hukumu moja inasemea wote.

Kijana wa Lupaso

Mwaka mmoja baada ya hukumu hiyo, mtoto wa Masasi akawa Rais. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso mwaka 1938, akawa mhariri wa magazeti, mwanadiplomasia, waziri, kisha Rais kuanzia 1995 hadi 2005. Alifariki Julai 2020 akazikwa kijijini kwake. Ukitaka kuona jinsi nchi inavyoweza kuwa na nia mbili kwa wakati mmoja, tazama sheria za miaka yake.

Mwaka 2000 Katiba ilirekebishwa kwa mara ya 13, ikaingizwa ibara ya 107A inayosema mamlaka yenye kauli ya mwisho ya kutoa haki ni Mahakama, na ya 107B inayosema mahakama zitakuwa huru. Kwa mtu anayeijua sheria ya 1929, maneno hayo ni makubwa. Mwaka 1999 zilitungwa sheria mbili za ardhi zilizoipa haki ya kimila hadhi yake. Lakini mwaka 1997 ilipita pia Sheria ya Tawala za Mikoa, inayompa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Ina masharti, lazima niseme: pawe na kosa, na sababu ziandikwe. Lakini sote tumeona kwenye video za simu inavyotumika: mkutano wa hadhara, mtendaji au mwalimu anajibu vibaya, na amri inatoka palepale jukwaani, mweke ndani. Aliyeudhiwa ndiye aliyetoa amri. Bwana shauri kabadilisha nguo tu.

Na pale kesi inapogusa madaraka yenyewe, mambo huwa magumu zaidi. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Jaji Lugakingira akisema raia anaweza kugombea bila chama. Serikali ikabadilisha Katiba kulizuia. Akashinda tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha hukohuko, ikampa ushindi. Mwaka 2019 Tanzania ikaondoa tamko lililowaruhusu raia wake kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Kuhusu urais, ibara ya 41(7) inazikataza mahakama zote kuchunguza ushindi uliokwisha kutangazwa. Kenya, Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais. Malawi ikafanya hivyo Februari 2020. Kwetu swali lenyewe haliruhusiwi kuulizwa.

Msimu wa 2018

Turudi kwenye korosho, maana huko ndiko watu wa kusini wanakoisoma serikali yao.

Msimu wa 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa bei za mnada. Mwaka uliotangulia kilo ilikuwa imevuka shilingi 4,000, sasa wanunuzi walitaka kutoa chini sana ya hapo. Rais John Magufuli akaingilia: serikali itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300, kupitia Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko, na jeshi likaleta malori. Wengi walishangilia, na sikuona cha kuwalaumu. Mkulima aliyenyanyaswa na bei anapoona lori la jeshi limekuja kubeba mzigo wake kwa bei nzuri, utamwambia nini?

Kisha ukaja uhakiki. Kabla ya kulipwa, mwenye mzigo mkubwa alitakiwa kuthibitisha kwamba ana shamba la kutoa korosho zote hizo, asije akawa kangomba, yaani mchuuzi anayenunua kwa wakulima wenye shida kwa bei ya kutupa. Kangomba ni tatizo la kweli. Familia zimeuza msimu mzima kabla haujaiva kwa sababu ya ada ya shule au msiba. Lakini angalia waliokaa mezani. Mnunuzi ni serikali. Mdaiwa ni serikali. Anayeamua kama wewe ni mkulima wa kweli unayestahili kulipwa ni timu ya serikali. Wapo waliosubiri fedha zao hadi mwaka uliofuata na kuendelea.

Mahakama ilikuwepo? Ilikuwepo. Notisi siku 90, halafu Mahakama Kuu, Mtwara. Kutoka Mtwara kupita Newala hadi Masasi ni barabara ya kilomita 210. Nauli, wakili, siku za kulala mjini, na wakati huo palizi linakungoja. Kuna umbali ambao hata Ole Pumbun hakuweza kuufuta.

Kwa hiyo ninapotazama mageuzi ya mahakama siku hizi, nayapima kwa mkulima huyo. Mwaka 2021 sheria ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote, na mwaka huohuo mawakili wakaruhusiwa Mahakama ya Mwanzo. Sisi wapenzi wa fasihi tuna deni la kulifuatilia la kwanza kuliko wanasheria. Kwa miaka mingi mtu alishitakiwa kwa Kiswahili, akajitetea kwa Kiswahili, kisha sababu za kushindwa kwake zikaandikwa kwa Kiingereza. Hukumu usiyoweza kuisoma ni amri tu, na amri ndiyo lugha ya bwana shauri. Lakini lugha peke yake haitoshi. Sheria ya migogoro ya ardhi ya mwaka 2002 iliyaweka Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya chini ya wizara, wenyeviti wakiteuliwa na waziri wa ardhi. Kesi nyingi za kusini ni za ardhi. Kiswahili kikiwa safi kiasi gani, mwenye kesi bado atataka kujua mwenyekiti anamtegemea nani.

Simlaumu mkuu wa wilaya yeyote, wa jana wala wa leo. Wengi wamechimba visima, wamejenga madarasa, wamelala porini wakitatua ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mabwana shauri wa Kiingereza nao, baadhi yao, walikuwa watu waungwana. Uungwana si ulinzi. Ulinzi ni pale hata mtu asiye muungwana anapokuta kiti cha kuamua kimeshakaliwa na mwingine.

Msimu ujao wa korosho mizani itawekwa tena, na kama kawaida kutakuwa na ugomvi wa kilo, wa makato, wa malipo yaliyochelewa. Chama cha msingi kitasema lake, mkulima lake. Ukipita Newala au Masasi wakati huo, uliza jambo moja tu: huyu mkulima akiona kaonewa, ataenda kwa nani, na huyo mtu analipwa na nani? Jibu likiwa ni yuleyule aliyeshika mizani, basi tangu 1929 hatujatembea sana.